Kitako cha bunduki siyo kitanda, mafundi acheni kukipulizia vanishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua huwa mnapokea barua nyingi za barabara na maji na bei ya sangara, lakini na hili ni la watu pia, maana huku kwetu kanda ya ziwa zipo familia zimerithi bunduki za wazee, shotgani za kulindia mashamba na mifugo, zina leseni zao halali kabisa, sasa mbao zake zimechoka zimechubuka zimeingia weusi, na mtu akitaka kuirudisha kwenye hali yake anaenda kwa seremala wa vitanda. Hapo ndo uharibifu unapoanzia.

Ya kwangu aliniachia baba. Ni Baikal ya Urusi, mtutu mmoja, alikuwa nayo kule Kayenze tangu mi sijaanza shule, anailindia mpunga, viboko wakitoka ziwani usiku anapiga moja hewani wanarudi majini. Alipofariki tukaipeleka polisi inavyotakiwa, ikakaa huko mpaka taratibu zikaisha na leseni ikatoka kwa jina langu. Kitako chake sasa kilikuwa na hali mbaya, vanishi ya kiwandani inabanduka kama magamba ya sato, pale anapoegemeza shavu pamekuwa peusi kwa jasho la miaka yote ile, na ubavuni kuna mbonyeo mkubwa wa siku ilipodondokea ukingo wa mtumbwi. Nikasema ngoja nikitengeneze, ni heshima kwa mzee.

Nikapeleka kwenye karakana moja hapa mjini, sitaitaja. Nikamweleza fundi nataka irudi kama ilivyokuwa, akasema bosi ondoa shaka, siku tatu tu. Nilivyorudi siku ya tatu kitako kinang'aa kama chupa ya soda. Nikakishika, roho ikaniuma hapohapo. Alikuwa amekipitisha kwenye mashine ya msasa, ile ya mkanda, amekula mbao mpaka kwenye kingo, ile mikato midogo ya msalaba kwenye shingo ya kitako, pale unaposhika, ambayo inakusaidia mkono usiteleze imebaki kivuli tu na imejaa klia, yaani vanishi isiyo na rangi. Nilipofika nyumbani nikajaribu kukirudishia kwenye chuma, chuma kimebaki juu ya mbao pande zote mbili, ukipitisha kidole kinakukwaruza. Bunduki ikitoka kiwandani mbao huwa imezidi chuma kidogo tu, unene wa ukucha hivi, kwa hiyo ukila hapo hakuna namna ya kurudisha, mbao haioti tena. Na rangi ndo kabisa, kile kitako kilikuwa cha kahawia iliyoiva, sasa kimekuwa cha njano iliyopauka.

Nimekaa nikafikiria sana kwa nini fundi mzuri, maana yule ni fundi mzuri kwa kweli, makabati yake nimeyaona, anaharibu kitu namna ile. Nikaja kuelewa. Mafundi wetu wamezoea mninga. Mninga una rangi yake tayari, ukipiga randa ukapiga msasa ukapuliza klia umemaliza, unapendeza wenyewe. Mkongo hivyohivyo. Sasa bunduki nyingi za bei ya chini kutoka Urusi mbao yake ni biichi, mti wa kwao mweupe, mgumu, una vidoti vidogo vidogo kama punje za mtama ukiuangalia kwa karibu, na ule ukahawia unaouona juu ni rangi iliyopakwa kiwandani. Ukisugua umeiondoa. Zile bunduki za bei kubwa za Uingereza zinawekwa mti wa jozi, yaani walnut kwa Kiingereza, huo ni kahawia kwa asili na mara nyingi hautaki rangi, unataka mafuta tu. Kwa hiyo kabla hujagusa lazima ujue mbao uliyonayo ni ipi, na namna rahisi ya kujua ni kutoa kile kibao cha plastiki cha nyuma uangalie mbao pale ambapo rangi haikufika.

Hapohapo niseme la sheria maana nimeona watu wanafanya makosa kwa kutojua. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ni ya mwaka 2015, na leseni ina jina lako wewe, haina jina la fundi. Usibebe bunduki nzima ukaiacha karakana usiku tatu na vijana wanaingia na kutoka. Hakikisha haina risasi, angalia kwa macho na ingiza kidole kwenye chemba, pale risasi inapokaa, halafu fungua mbao uitenganishe na chuma. Hii ya kwangu ukitoa kile kibao cha nyuma unakuta bolti ndefu ndani ya kitako, bisibisi ndefu inatosha. Chuma kinabaki nyumbani kimefungiwa, anayeondoka kwenda kwa fundi ni kitako peke yake, ambacho hapo ni kipande cha mbao tu. Mi hilo nililifanya sawa. Na ile namba ya silaha iko kwenye chuma na iko kwenye leseni, msasa usiikaribie kabisa.

Basi baada ya yale nikaelekezwa kwa mzee mmoja kule Igogo, seremala wa zamani, mikono inatetemeka sasa hivi hafanyi kazi tena, lakini kichwani bado yuko vizuri. Nikamwamkia shikamoo, akanipokea, akakigeuza kitako akakinusa, kweli alikinusa, akasema kijana wangu hapa wameweka vanishi ya milango, hii unaitoa yote uanze upya, na usilete mashine hapa. Nikamwambia mzee nifundishe nifanye mwenyewe mbele yako. Nikawa naenda jioni baada ya kazi, zaidi ya mwezi.

Vanishi tuliitoa kwa ile dawa nzito ya kubandulia rangi inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, unapaka kwa brashi ya zamani, unasubiri mpaka ivimbe na kukunjamana, unakwangua kwa kipande cha plastiki siyo kisu. Fanyia nje kwenye hewa na vaa glavu, inaunguza ngozi. Kwenye ile mikato ya shingo tulitumia mswaki. Wapo wanaotumia kostiki soda kwa sababu ni rahisi, mzee alikataa katakata, inaunguza mbao inageuka nyeusi na inalegeza nyuzi zake. Na pale kitako kinapokutana na chuma palikuwa peusi tii kwa mafuta ya bunduki yaliyonyweka miaka mingi, yale yakikaa sana yanaozesha mbao inakuwa laini kama sabuni. Tulipaka unga wa chaki uliolowekwa kwa asetoni, ukikauka umevuta mafuta umekuwa wa njano, unapangusa unapaka mwingine, mara nne tano. Mzee akaniambia ukiisafisha bunduki usiisimamishe na mtutu juu, mafuta yote yanashuka kwenye mbao, isimamishe mtutu chini kwa muda yachuruzike. Baba alikuwa anaisimamisha kitako chini nyuma ya mlango, miaka yote ile.

Sasa ule mbonyeo wa mtumbwi. Hili jambo bado linanishangaza mpaka leo. Mi nilijua dawa ni kusugua mpaka usawa wake au kujaza na unga wa mbao na gundi. Mzee akamwambia mjukuu wake lete pasi. Pasi ya mkaa, ile ya jogoo juu. Akakunja kitambaa cha pamba mara mbili, akakilowesha, akakilaza juu ya mbonyeo, akaniambia gusa na ncha ya pasi, usikandamize, hesabu mpaka tano uondoe. Mvuke ukapanda. Tukarudia, tukalowesha tena, tukarudia. Mara ya nne hivi akafunua kitambaa, nikapitisha kidole, shimo limejaa, yaani nyuzi za mbao zilikuwa zimelala tu, zikinywa mvuke zinavimba zinasimama kama nyasi iliyokanyagwa baada ya mvua. Mbonyeo wenye nyuzi zilizokatika haurudi, ule unabaki, lakini ule wa kugongwa tu unarudi karibu wote. Hakuna tone la gundi hapo wala punje ya mbao iliyopotea. Mkwaruzo mmoja mrefu chini ya kitako niliuacha kwa makusudi, ule najua baba aliupatia wapi.

Tulivyosafisha ndo tukaona jambo lingine ambalo limenifanya niandike barua hii kwa uchungu zaidi. Pale shingoni kulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, urefu wa kama kifundo cha kidole, na ulikuwa umezibwa kwa gundi na vumbi la mbao halafu ukapigwa klia juu. Yule fundi wa karakana hakuniambia! Shingo ndo sehemu nyembamba kuliko zote na ndo inayobeba kishindo chote bunduki ikilia. Ukificha ufa hapo siku moja kitako kinakatikia mkononi mwa mtu uso ukiwa karibu kabisa na chuma. Nawaomba mafundi, mkikuta ufa mwambieni mwenye mali, akasirike asikasirike. Huu wa kwetu tuliutoa ile gundi ya juujuu, tukaufungua kidogo, tukaingiza epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya, ikazama mpaka chini, tukabana na mpira wa baiskeli siku nzima, na hata hivyo mzee alisema bunduki isipigwe mpaka mtu anayejua silaha aikague.

Msasa tulipiga kwa mkono tu, umefungwa kwenye kipande cha ndala ili usile mabonde, ukifuata nyuzi, namba 150 halafu 220 halafu 320, namba ikipanda msasa unakuwa laini zaidi. Ile mikato hatukuigusa, na kingo za kukutana na chuma tulizifunika kwa selotepu nene. Kile kibao cha plastiki cha nyuma tulikirudishia kwanza ndo tukapiga msasa, ili mbao na plastiki vishuke pamoja. Baada ya hapo unapangusa kitako chote na kitambaa kibichi, unaacha kikauke, ukipapasa unakuta kimeota vinyweleo kama kidevu cha jana. Unapitisha 320 kidogo tu vinakatika. Unarudia mpaka ukilowesha havioti tena, sisi mara tatu. Ukiruka hatua hii, siku ya kwanza kunyeshewa na mvua au kulala na umande wa ziwani vinyweleo vinaota chini ya mafuta na kitako kinakuwa cha kukwaruza.

Rangi inakuja kabla ya mafuta, hili watu wanalikosea sana. Mbao ikishanywa mafuta imefunga mlango, rangi haiingii, inakaa juu na kutoka na jasho. Tulitumia rangi ya unga ya kahawia iliyochanganywa na spiriti, tukaichanganya nyepesi kabisa, tukaijaribu kwanza ndani, pale pasipoonekana. Spiriti inakauka haraka, ukisitasita inaacha mistari, kwa hiyo kitambaa kiwe kimelowa na mkono usisimame. Biichi inaweza kunywa kwa madoa, sehemu moja nyeusi sehemu moja nyeupe, ndo maana bora koti tatu nyepesi kuliko moja nzito. Na pale mwisho wa kitako nyuzi zinapokatikia mbao inakunywa kama sponji, ukipaka sawa na kwingine panakuwa peusi, kwa hiyo pale tulipitisha kitambaa kilichokaribia kukauka. Koti ya tatu ilivyokauka ikawa imefifia, haina uhai, nikaanza kuingiwa na hofu, mzee akachovya kidole kwenye mafuta akapaka duara dogo tu, ile kahawia ya baba ikatokea palepale. Nilinyamaza kidogo.

Mafuta sasa. Mafuta yenyewe ni ya linsidi, mbegu za kitani, na uchukue yale ya kuchemshwa, ambayo siku hizi kusema kweli mengi hayachemshwi ila yameongezwa dawa za madini za kuyakausha. Yale mabichi yanaweza kuchukua wiki kukauka. Huku kwetu kwa sababu ni nchi ya pamba nimeona watu wanapaka mafuta ya pamba, wengine alizeti, wengine mawese, na wengine oili chafu ya gari kama wanavyopaka nguzo za nyumba dhidi ya mchwa. Jamani hapana. Mafuta ya linsidi hayakauki kama maji yanavyokauka, yanavuta hewa yanagandia ndani ya mbao yanakuwa magumu. Mawese hayagandi kamwe, pamba na alizeti yanaganda nusunusu, yanabaki yananata, yanakusanya vumbi na yananuka. Oili chafu ndo mbaya zaidi, inaenda kufanya uleule uozo mweusi tuliotoka kuutoa.

Koti ya kwanza tulichanganya na tapentaini nusu kwa nusu ili izame. Zilizofuata mafuta matupu, matone machache kwenye kiganja, unasugua mpaka kiganja kiwe cha moto, unaacha dakika 15 au 20, halafu unapangusa yote, yote kabisa, kana kwamba umejuta kupaka. Ukiacha tabaka juu linakuwa gundi. Halafu unasubiri saa 24 ndo upake tena, na kama ni masika subiri hata siku mbili, hewa ya huku ikiwa na unyevu mafuta yanachelewa. Sisi tulianza mwezi wa saba, kiangazi, na bado kuna siku tulipata shida, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi juu ya maji upepo ukawaleta mpaka Igogo, wakajaa kwenye kitako kibichi. Tulipangusa tukaanza koti ile upya. Kwa hiyo ning'inizeni ndani, kwa waya uliopitishwa kwenye tundu la bolti. Mzee anasema kila siku kwa wiki nzima, halafu kila wiki kwa mwezi mzima, na mi ndivyo nilivyofanya.

La mwisho na ndo ninaloliogopa kuliko yote, matambara. Ile kuganda kwa mafuta ya linsidi inatoa joto. Kwenye kitako joto linaondoka na hewa, lakini kwenye lundo la matambara halina pa kwenda, linazidi na kuzidi mpaka tambara linashika moto lenyewe, bila kiberiti bila sigara. Nililisikia kwa mzee nikaitikia tu. Halafu mchana mmoja mi mwenyewe nikayakusanya matambara yangu nikayatupia kwenye boksi la katoni chini ya meza yake, chini ya bati, jua kali. Baada ya saa kadhaa tunanusa harufu kali kama ya mafuta ya chipsi yaliyoungua, tunainama, boksi linatoa moshi. Nililibeba mbio nikalimwaga nje, katikati tambara lilikuwa limekuwa la kahawia limekauka kama mkate wa kuchoma, na lile la ndani kabisa jeusi. Pembeni pale palikuwa na maranda ya mbao na lita tano za tina ya kuchanganyia rangi. Karakana zetu za Mwanza zimebanana, ukuta kwa ukuta, juu kuna watu wanalala na watoto. Kwa hiyo fundi ukimaliza kupaka, tandaza kila tambara nje peke yake, chini au kwenye kamba, mpaka likauke liwe gumu, au lizamishe kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko. Usilikunje na usilitie kwenye ndoo ya taka jioni ukafunga mlango ukaenda nyumbani.

Kitako sasa kimerudi kwenye chuma. Pengo alilolila yule fundi bado lipo na litakuwepo, mikato ya shingo mzee anasema kuna mtu anaweza kuichonga upya kwa mkono, bado namtafuta, kama kuna msomaji wa Mwanza au Musoma au Bukoba anaifanya kazi hiyo na anakubali kupokea mbao tu bila chuma basi naomba aandike kupitia gazeti lenu, nitaona.

Wenu msomaji wa siku nyingi,
Igoma, Mwanza